Chupa Mbili za Alhamisi

Dispensari, ufuoni Asembo
3 Februari 2025

Mpendwa Hadiya,

Usishtuke kuona karatasi badala ya simu. Kamati ya nidhamu imenikataza kumpigia mgonjwa yeyote wa kliniki ya lupus mpaka kesi yangu iishe. Juu ya barua hawakusema neno, kwa hivyo ninaandika. Atakayekuletea ni Dishon, yule ambaye kila Jumanne hubeba sampuli za dispensari yetu kwa boda hadi maabara ya Kisumu. Kibanda chako cha mitumba pale Kibuye anakijua. Ukitaka kujibu, mpe yeye, usimpe mtu mwingine.

Najua umesikia kwa nini nilihamishwa huku kutoka kliniki ya Kisumu. Ni Rachael. Wanasema nilipika matokeo yake. Mkojo wake niliupima Julai, Agosti na Septemba, na mara zote tatu niliandika safi. Daktari Robinson akaamini maandishi yangu, akasema ugonjwa umetulia, akampunguzia steroidi mwezi baada ya mwezi, kutoka vidonge vinne hadi kimoja na nusu. Novemba tukamzika. Ripoti inasema figo zilikuwa zimeharibika muda mrefu kabla. Figo haziwezi kufa na mkojo ukabaki safi, Hadiya. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua hivyo. Kwa hivyo ama nilidanganya, ama sikuona.

Kudanganya, sikudanganya. Presha yake ilikuwa sawa, kijiti cha kupimia mkojo kilibaki cha manjano. Nakumbuka kikiwa cha manjano, yawa! Lakini siku hizi nikifumba macho namwona akinipa ile chupa yake huku anacheka, "Sista, mimi ni mzima kuliko wewe," na kijiti mkononi mwangu kinageuka kijani.

Wewe ulikaa naye kwenye benchi miaka mitatu. Niambie ukweli. Alikuwa amevimba? Kuna kitu ulikiona na mimi sikukiona? Kamati inakaa tarehe nane Aprili. Wakiamua nilipika, leseni imeenda, na miaka yangu kumi na tisa ya uuguzi imeenda nayo.

Ni mimi,
Sista Milka Aoko


Kibuye, Kisumu
11 Februari 2025

Assalam aleikum Sista wangu,

Huyo Dishon wako alisimama mbele ya kibanda akinikazia macho mpaka nikadhani anataka sidiria za mke wake. Ndipo akatoa bahasha! Nimecheka, halafu nimesoma, na kicheko kimekwisha.

Kwanza nikupe habari zangu, maana wewe ndiye uliyenihangaikia. Alhamisi iliyopita nilipata alama mbili za ukali wa ugonjwa. Unakumbuka ulivyotufundisha masharti ya kutulia? Nne kushuka chini, steroidi isizidi kidonge kimoja na nusu, pasiwe na ugonjwa mpya mahali popote, na daktari mwenyewe akikadiria kwa kidole kwenye ule mstari wa sifuri hadi tatu, asipite moja. Mkojo wangu ulikuwa safi tangu mwaka juzi, ni viungo tu ndivyo vilivyonichelewesha. Sasa nimetimiza mwezi wa tano nikiwa nimetulia kwa kila kipimo. Ukitimia wa sita, Daktari Robinson ameahidi kuniruhusu nitafute mtoto. Sista, nina miaka thelathini na minane. Mimba mbili zilitoka kwa sababu ya ugonjwa huu wa mwili kujishambulia wenyewe. Muhidin hasemi kitu, mume wangu si mtu wa maneno, lakini kila mwezi ananiuliza alama ngapi hata kabla sijavua viatu.

Kuhusu marehemu, mimi sikuona kitu. Alinenepa, sawa, lakini nani hanenepi na dawa zile? Mimi mwenyewe nilikuwa na uso kama andazi. Ya Mungu ni mengi. Usijisumbue sana, Sista. Kula vizuri samaki wa huko.

Wako,
Hadiya


Dispensari, Asembo
24 Februari 2025

Mpendwa Hadiya,

Nashukuru kwa majibu, na nashukuru zaidi kwa alama mbili. Nilipoisoma habari hiyo nilipiga makofi peke yangu chumbani.

Sasa nikueleze ninachofanya huku, na usinicheke. Nimenunua mayai. Navunja yai, nachanganya ute wake kidogo na maji, natumbukiza kijiti na kuhesabu sekunde sitini. Protini ikiwepo, manjano inakuwa kijani. Natengeneza vikombe sita, vingine vina ute na vingine maji matupu, namwomba mfagiaji avipange mimi nikiwa nje, halafu naingia kupima. Nataka kujua kama macho yangu bado yanaona. Juzi nilipata sita kwa sita. Jana nilipata tano, nikakaa chini nikalia, mfagiaji akadhani nimefiwa.

Nimepitia nakala za rejista hadi kurasa zimelegea. Miezi ile mitatu, wewe na Rachael mlikuwa sawasawa. Si protini tu. Hata ukolezi wa mkojo, hata uchachu, tarakimu kwa tarakimu. Unakumbuka niliwatania? Niliwaambia nyinyi ni mapacha, mama yenu aliwagawa, mmoja akampeleka msikitini na mwingine kanisani. Mkacheka wote wawili, na Rachael ndiye aliyecheka zaidi.

Nimeanza kuwaamini wale wa kamati, Hadiya. Pengine siku hizo nilichoka, nikapima chupa moja nikaandika mara mbili. Pengine niliona rangi niliyotaka kuiona. Kama mtu ameua kwa macho yake, atajuaje? Nafikiri tarehe nane nitakubali. Nitasema ndiyo, nilipika, waichukue leseni yao, na mimi nipumzike.

Milka


Kibuye
7 Machi 2025

Sista Milka,

USIKUBALI. Nimeandika kwa herufi kubwa ili uisome hata ukiwa unalia. Mtu hakubali kitu ambacho hakukifanya. Wallahi nakuomba.

Jana ilikuwa Alhamisi ya kliniki na mwezi wangu wa sita. Niliamka alfajiri watu wakila daku. Mimi sifungi kwa sababu ya dawa, lakini huamka nikampikia Muhidin. Nikajaza chupa mbili kama kawaida, nikavaa mikono mirefu na kofia yangu ya jua, nikashika njia. Alama mbili tena. Daktari Robinson akaniinulia kidole gumba na kusema, "Mama, umetulia nusu mwaka. Mnaweza kujaribu." Nilitamani siku hiyo miaka minane. Ilipofika nilisema asante, nikatoka, nikatapika nyuma ya tangi la maji.

Nikueleze sababu. Huyu sista mpya anasoma majina kwenye rejista ile ile ya zamani. Kila mwezi anaita, "Rachael Nangila!" Watu wanatazama miguu yao. Anaita tena, halafu anaandika "hakufika." Tangu Oktoba ni hakufika, hakufika, hakufika. Na hakuna anayefungua mdomo, hata mimi. Jana alipoita mara ya pili nilisikia mtu amekaa karibu yangu upande wa ukuta, pale pake, chini ya lile bango la "Mficha maradhi kifo humuumbua." Nilisikia kabisa benchi likilia. Sikugeuka. Unajua alivyokuwa akilicheka bango hilo? Alisema aliyeliandika hajawahi kuuza samaki kama yeye, maana samaki wa mgonjwa hawanunuliwi.

Nimechoka, Sista. Ila wewe usikubali.

Hadiya


Dispensari, Asembo
12 Machi 2025

Hadiya,

Barua yako nimeisoma mara nne, na mara zote nimekwama pahali pamoja.

Umeandika kwamba ulijaza chupa mbili kama kawaida. Kliniki inataka chupa moja. Nimefanya kazi hiyo miaka sita, sijawahi kumwomba mgonjwa chupa mbili.

Ya pili ni ya nani?

Milka


Kibuye
25 Machi 2025

Sista,

Dishon alikuja Jumanne iliyopita nikamwambia sina kitu. Leo nimemwambia aketi, nimempa chai, asubiri mpaka nimalize. Nikimruhusu aondoke tena sitaandika kamwe.

Ya pili ni ya Rachael. Ni mkojo wangu kwenye chupa yenye jina lake.

Ilianza Julai. Tulikutana langoni saa kumi na mbili asubuhi kabla hawajafungua. Unajua sisi hubeba mkojo kutoka nyumbani, wenyewe mlituambia ule wa kwanza wa asubuhi ndio bora, na tena choo cha kliniki hakina maji. Rachael alikuwa analia. Alikuwa na alama kumi na mbili mwezi uliotangulia, na zile dawa zilikuwa zimemgeuza. Uso umekuwa duara, mgongo umepanda, ndevu zimeota. Pale sokoni Otonglo wateja walikuwa wanampita na kwenda kununua samaki kwa jirani, wakisema huyo mama amelogwa. Mumewe alimtazama siku moja akamwuliza, wewe ni nani? Eti mzaha. Rachael aliniambia, "Hadiya, wewe una mkojo safi na chupa yako imejaa. Nigawie kidogo. Wakinipunguzia dawa nitarudi kuwa mtu." Nikamgawia. Ilikuwa kama mtu kukuomba chumvi. Tulijificha nyuma ya kibanda cha mlinzi, tukamimina kutoka chupa yangu kwenda yake, tukicheka kama wasichana wa shule.

Tuliidanganya mizani, Sista, tukadhani mzigo umepungua. Na wewe ukatuita mapacha, na sisi tukakanyagana miguu chini ya benchi.

Agosti akapunguziwa. Septemba akapunguziwa tena. Uso ukaanza kurudi, akanunua hereni. Lakini miguu! Uliniuliza kama alivimba na nikakuambia sikuona. Niliona. Alikuwa anatembea na ndara za mumewe kwa sababu zake hazimwingii, na kabla ya kuingia kliniki alikuwa anashusha dera lake mpaka chini kuzifunika. Septemba nilimwambia basi, mweleze Sista. Akasema mwezi mmoja tu tena. Oktoba niliamka nikajaza chupa yake, maana siku hizo nilikuwa namjazia nyumbani kabisa. Nikamsubiri langoni mpaka jua likanichoma. Hakuja. Novemba nilikuwa kwenye mazishi yake, nimeshika mkono wa mama yake, na mama yake ananiambia, "Wewe ndiye ulikuwa rafiki wa kweli."

Chupa yake iko kwangu. Jina kaliandika mwenyewe, kwa kalamu ya kijani. Kila Alhamisi ya kliniki najikuta nimejaza mbili. Sipangi, najikuta tu. Nikijaza moja nahisi mtu yuko mlangoni anangoja zamu yake. Kwa hivyo najaza ya pili, namimina chooni, naiosha, naiweka.

Sasa nikuambie kwa nini nilinyamaza, na hili ndilo baya kuliko yote. Nilikuwa nahesabu miezi yangu. Nilijua nikisema, hakuna atakayeamini tena mkojo uliotoka nyumbani, wangu ukiwa wa kwanza. Miezi yangu sita itafutwa. Nilikuona unavyozama, na nikasema azame kidogo, nimebakiza mwezi. Nilikuuza kwa ajili ya mtoto ambaye hata hajatungwa. Na wewe ukanipigia makofi peke yako chumbani.

Nimeambatanisha karatasi ya pili. Ina haya yote kwa ufupi, jina langu kamili, namba ya kitambulisho na sahihi. Ipeleke kwa kamati. Macho yako hayana kasoro. Acha kuharibu mayai.

Ukiweza kunisamehe, nisamehe. Usipoweza nitaelewa.

Hadiya


Dispensari, Asembo
14 Aprili 2025

Mpendwa Hadiya,

Walisoma karatasi yako kwa sauti. Daktari Robinson alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mwenyekiti akaniambia, "Sista, tumekukosea." Nimesafishwa. Natakiwa kurudi Kisumu mwezi wa sita.

Barua yako nilipoipata nilikukasirikia siku tatu. Nilikutukana kwa Kijaluo na kwa Kiswahili, mfagiaji shahidi. Miezi yote ile nilijiona muuaji, na wewe ulikuwa unajua! Siku ya nne hasira iliisha, nikabaki na kitu kingine, na hicho ndicho kinachonifanya niandike.

Kamati waliniuliza juu ya mkojo. Hakuna aliyeniuliza juu ya presha.

Nilikuandikia kwamba presha yake ilikuwa sawa. Haikuwa sawa. Septemba, siku ile ya mwisho, nilimfunga mkono nikapata 172 kwa 108. Nikaiandika kiganjani kwa biro, kama tunavyofanya sote tukiwa na haraka, ili niihamishe kwenye fomu baadaye. Nikamwuliza, mama, mbona hivi? Akacheka akasema amekimbia kutoka stendi. Nikamwambia apumzike. Nikapima tena, bado juu. Nikapima ya tatu, 138 kwa 86, na hiyo ndiyo nikaandika. Halafu nikanawa mikono.

Kulikuwa na watu arobaini kwenye foleni. Na kulikuwa na ile chati ukutani ya wagonjwa waliotulia, iliyokuwa ikipanda kila mwezi, na mimi niliipenda chati ile kuliko nilivyopaswa. Mkojo safi, uso unarudi, mwanamke ana hereni mpya. Nilitaka sana atulie. Kwa hivyo nilichukua namba iliyosema nilichokitaka. Kijiti kilinidanganya, lakini mkono wangu ulikuwa umebeba ukweli na mimi nikaufuta kwa sabuni.

Siku walipoisoma karatasi yako mbele ya kamati nilitoka nje nikanawa, nikakitazama kiganja. Ile namba bado naiona. Nikishika kikombe naiona, nikiombea chakula naiona.

Leo nimeandika ukurasa mmoja kwa kamati, na namba zote tatu nimeziweka kwa mpangilio wake. Dishon ataubeba kesho pamoja na barua hii. Pengine hiyo Kisumu ya mwezi wa sita haitakuwepo tena. Sawa.

Uliniomba msamaha. Wangu unao, nyamera, dada yangu, uchukue. Ule wa Rachael si wangu kuutoa, na mimi pia nauhitaji.

Milka


Kibuye
9 Mei 2025

Sista Milka,

Dishon amenieleza kwamba wamekupa onyo la maandishi na mwaka mzima wa kusimamiwa, na kwamba umeomba mwenyewe ubaki huko ufuoni. Amenieleza pia kwamba umeanza kufundisha wauguzi wa dispensari jirani kuandika presha zote, hata zisizopendeza. Mtu wa boda anajua mengi.

Muhidin nilimwambia siku ya Idi. Aliacha pilau kwenye sahani, akatoka, akarudi alasiri. Akaniuliza swali moja tu, "Yule mama yake Rachael anajua?" Wiki iliyofuata tulienda naye hadi kwao. Nilimweleza mama kila kitu nikiwa nimepiga magoti. Hakunipiga, hakunifukuza. Aliingia ndani na hakutoka tena mpaka tukaondoka. Sijui nilitarajia nini.

Jana ilikuwa kliniki. Siku hizi hakuna cha kubeba mkojo kutoka nyumbani. Unapewa kikombe pale pale, unaingia choo kile kisicho na maji, na sista anasimama mlangoni. Benchi zima linamlaani aliyesababisha. "Ni nani huyo mjinga ametuletea haya?" Hawajui ni nani. Nilikaa kati yao, sikulaani na sikujitaja. Bado sijafika huko.

Asubuhi sikujaza chupa yoyote. Niliitoa ile ya kalamu ya kijani, nikaishika, nikairudisha kabatini. Kuitupa sitaitupa.

Sista akaanza kusoma majina. Alipofika kwake akaita, "Rachael Nangila!" Wakatazama miguu yao. Nikasikia benchi likilia upande wa ukuta, Sista, nakuapia, na safari hii niligeuka. Palikuwa na mkoba wa mtu tu.

Akaita mara ya pili. Kalamu ikashuka kuandika hakufika. Nikasimama.

Nikasema, "Sista, huyo alikufa. Novemba."

Akaniangalia, akaangalia rejista, akachukua rula akapiga mstari. Ilimchukua muda mfupi sana. Halafu akaita jina langu, nikaingia na kikombe changu kimoja.

Alama tatu. Daktari Robinson ameandika kwenye kadi mpya: mwezi wa kwanza.

Hadiya